Mifuko yangu 40 ya uyoga imegoma. Ni mrututu au kuna kingine?

#1 BintiKimara

Wakuu habari za asubuhi. Naomba mwenye uelewa wa kuvu anisaidie, maana nimekula hasara na sijui nimlaumu nani.

Nalima uyoga mamama kwenye chumba cha uani hapa Kimara Korogwe. Nilianza na mifuko kumi, nikaenda ishirini, na siku zote natumia majani ya mgomba yaliyokatwakatwa na taka za pamba. Naongeza pumba za mpunga kidogo, naivisha kwa mvuke kwenye pipa, napanda mbegu (punje za mtama zilizooteshwa kuvu). Wiki tatu, mfuko mweupe pee. Safari hii taka za pamba zilipanda bei, nikaamua kuhamia kwenye maranda. Fundi mmoja alinipa magunia nane bure, nikakodi kirikuu, nikaleta nyumbani kwa raha zangu.

Sasa, nilikuwa nimesoma mahali kwamba kuvu ikivunja mti inatumia kimeng'enya chenye shaba ndani yake, na ukiiongezea shaba kimeng'enya kinaongezeka. Nikajiambia, maranda ni mti mtupu, acha niisaidie. Nikaenda duka la pembejeo nikanunua mrututu, ule wa bluu wenye shaba. Nikayeyusha vijiko viwili vya chai kwenye maji ya kulowekea kilo kumi za maranda makavu.

Leo siku ya 19. Utando mweupe wa kuvu umetoka kwenye mbegu, umetambaa kama upana wa kidole gumba, ukasimama. Hakuna ukungu wa kijani, hakuna harufu. Umesimama tu kama mgeni ambaye amepiga hodi hajajibiwa, na ukingoni umeanza kuwa wa njano. Nisubiri, au ndiyo basi tena?

#2 MzeeWaKurasini

Natandika mkeka hapa. Na mimi nina mifuko mitano inanitazama.

#3 KahawaNaMgomba

Dada pole, ila umenichekesha peke yangu kwenye mwendokasi mpaka watu wamegeuka.

Sisi tuliokulia Kibosho mrututu tunaujua vizuri. Baba alikuwa anauloweka usiku kwenye pipa la plastiki, asubuhi anachanganya na chokaa, anapigia kahawa. Ulikuwa marufuku kuuweka kwenye ndoo ya bati: unakula bati na shaba inabaki imeganda ndani kama kutu nyekundu. Shati lake la kupigia dawa lilikuwa na mabaka ya bluu mgongoni ambayo hayakutoka mpaka shati likawa dekio. Ile dawa ilikuwa ya kuzuia kutu ya majani na ugonjwa wa matunda. Na magonjwa yote mawili ni nini? Kuvu!

Kwa hiyo umechukua dawa ya kuua kuvu ukainywesha kuvu.

#4 Kipusa_wa_Tandika

Yaani mtu kafuga panya halafu anawawekea sumu ya panya eti ina protini 😂

#5 MaabaraMstaafu

Msimcheke sana, alichosoma ni kweli. Tatizo liko kwenye kipimo, na nadhani kuna tatizo jingine ambalo bado hatujaliona.

Mamama ni katika kundi la kuvu zinazoleta uozo mweupe. Mti una selulosi, ambayo ndiyo chakula, na una lignini, ambayo ndiyo saruji inayoishikilia ile selulosi. Viumbe wengi wanashindwa na hiyo saruji. Kuvu za uozo mweupe zinaiweza, na vifaa vyake karibu vyote vina madini ndani. Lakase, ambacho ndicho kimeng'enya alichosoma dada, kina atomi nne za shaba. Ukiiondoa shaba, kinabaki protini isiyo na kazi. Kingine kinabeba chuma katikati, kama damu yetu inavyobeba chuma. Na hata kwenye selulosi yenyewe, mwaka 2011 ilibainika kwamba kuna vimeng'enya vinavyoichana kwa kutumia atomi moja tu ya shaba. Zamani tulifundisha kwamba selulosi inakatwa na vimeng'enya vinavyotumia maji peke yake, nami nimefundisha hivyo kwa miaka mingi, Mungu anisamehe.

Lakase yenyewe ina kisa. Mjapani Hikorokuro Yoshida ndiye aliyeieleza mwaka 1883, akichunguza utomvu wa mti wanaotengenezea rangi ya kung'arishia vyombo. Baadaye Mfaransa Gabriel Bertrand akaipa jina, akasisitiza kwamba madini yanayoiendesha ni manganizi. Alikosea, ilikuwa shaba. Ila jina la manganizi tulishike, tutalirudia.

Sasa kipimo. Robo ya uzito wa mrututu ni shaba. Vijiko viwili tuseme gramu 10, basi shaba ni gramu 2.5, uligawanya kwenye kilo 10. Hiyo ni miligramu 250 kwa kilo. Majani makavu ya mmea wa kawaida yana kati ya miligramu 5 na 20, na mamama inaishi humo kwa raha. Wale waliopandisha lakase kwa shaba walikuwa wanaiotesha kwenye chupa za maji, wakiweka makumi ya miligramu za mrututu kwa lita. Na walikuwa wanavuna kimeng'enya, hawakuwa wanavuna uyoga wa kupeleka sokoni. Kimeng'enya kikiongezeka si lazima kilo ziongezeke.

Shaba ikizidi inaenda kukaa kwenye nafasi za madini mengine ndani ya protini na inatoboa utando wa seli. Lakini maranda nayo yanaishika shaba, haiachiwi yote izurure. Kwa kipimo chako ningetegemea utando uchelewe, unune, uende polepole. Kusimama kabisa siku ya 19, hapo ndipo napata shaka.

Swali moja tu: kuna mifuko uliyoacha bila mrututu?

#6 BintiKimara

Shikamoo mwalimu. Ndiyo, ipo. Mrututu uliingia kwenye mifuko 28. Mingine 12 niliiacha maranda na pumba tu, nilitaka nione tofauti.

Nimetoka kuiangalia sasa hivi na tochi ya simu. Nayo imesimama. Imetambaa kidogo zaidi, labda vidole viwili, ila imesimama na ina njano ileile.

Nilichosahau kusema: mbegu zilizobaki nilizipanda kwenye mfuko mmoja wa majani ya mgomba, na ule umejaa wote. Mweupe kama tui.

#7 MaabaraMstaafu

Marahaba binti. Umenijibu nusu ya kazi. Mfuko wa mgomba umejaa, kwa hiyo mbegu ni nzima, na joto la chumba halina kesi. Mifuko 12 isiyo na mrututu imekwama, kwa hiyo mrututu si mshitakiwa wa kwanza. Kilichobaki ni hayo maranda.

#8 Mkulima_Digito

Dada hapo tatizo ni upungufu wa madini. Maranda hayana virutubisho. Nina mchanganyiko wa madini 14, zinki, chuma, manganizi, boroni, kila kitu. Kifuko kimoja mifuko 50, mavuno mara mbili uhakika. Njoo PM.

#9 KahawaNaMgomba

Kila uzi lazima atokee mmoja wa "njoo PM".

#10 MaabaraMstaafu

Ndugu yangu wa madini 14, nusu ya unachosema ina ukweli kwa hiyo sitakufukuza.

Kwamba kuvu inahitaji madini kwa kiasi cha punje, hilo tunalijua tangu 1869. Jules Raulin, mwanafunzi wa Pasteur, aliotesha ukungu mweusi, ule unaouona kwenye kitunguu kilichooza, kwenye maji yenye sukari na chumvi alizozipima moja moja. Alipoondoa zinki, ukungu ukaporomoka. Ilichukua miongo kadhaa mbele ndipo watu wakaonyesha kwamba hata mimea inahitaji zinki. Kwenye jambo hili kuvu ilitangulia mahindi.

Na kwenye kuozesha majani na miti, manganizi ndiyo yenye utamu wa hadithi. Lignini imebanana sana. Kimeng'enya ni kitu kikubwa, hakipenyi kwenye vitundu vya ukuta wa seli ya mti. Kuvu inafanyaje? Fikiria daladala la Kimara: linaishia kituoni, haliingii uchochoroni kwenu. Anayeingia ni bodaboda. Kimeng'enya kinabaki nje, kinaichukua chembe ya manganizi, kinainyang'anya elektroni moja. Ile chembe sasa ina njaa kali. Kuvu inatoa asidi ya oksaliki, inaibeba ile chembe isitulie njiani, inazama nayo ndani ya mti, na huko inaing'ata lignini ili irudishe elektroni iliyoibiwa. Ikishapata, inarudi kituoni kupakiwa tena. Chembe ileile, safari nyingi. Ndiyo maana kiasi kidogo kinatosha.

Hata msituni inaonekana. Watafiti waliofuatilia majani ya misonobari yaliyodondoka kule Sweden waliona kwamba mwanzoni mwa kuoza manganizi haisemi sana, lakini mwishoni, inapobaki lignini, majani yenye manganizi nyingi yanaendelea kuoza na yenye kidogo yanazubaa. Na wapo Waisraeli, mwaka 1993, waliiongezea manganizi mamama iliyopandwa kwenye mashina ya pamba, lignini ikavunjika zaidi. Nao walikuwa wanapima lignini, mizani ya uyoga haikuhusika.

Sasa kwa nini sinunui kifuko chako? Kwa sababu binti ameweka pumba za mpunga. Mpunga unakua majini, na kwenye tope lisilo na hewa manganizi inayeyuka, mmea unaivuta kwa wingi. Pumba zina manganizi, zina zinki, zina chuma. Konzi chache za pumba kwenye mfuko ni duka la madini tayari. Upungufu ungemkuta mtu anayeotesha kuvu kwenye maji safi ya maabara kama Raulin. Aliye na pumba, majani ya mgomba na maji ya kisima cha Dar, hapana.

#11 MzeeWaKurasini

Mwalimu na chokaa je? Mimi naloweka majani kwenye maji ya chokaa badala ya kuchemsha, gesi imekuwa ghali.

#12 MaabaraMstaafu

Njia inafanya kazi, mzee mwenzangu. Ila usuuze na ukamue vizuri. Chokaa ikibaki nyingi, manganizi, chuma na zinki vinaganda visivyeyuke, vipo lakini kuvu haivipati mpaka itoe asidi yake kuvikomboa. Inachelewa tu.

#13 FundiRanda_Keko

Salaam. Mimi si mtu wa uyoga, binamu yangu kanitumia huu uzi. Naomba nimuulize dada: hayo maranda uliyachukua kwa fundi wa vitanda na makabati, au kwa fundi wa kupaua?

Nauliza kwa sababu maranda si kitu kimoja. Kwangu mimi siku ya mninga maranda ni mekundu, siku ya mkongo ni ya kahawia, siku ya mtiki yana mafuta na yananukia kama ngozi. Mtiki mchwa hali, na sidhani kama uyoga utaupenda. Lakini kuna maranda mengine. Ukienda kwa wanaokata kenchi na papi wanatumia paini za kutoka Mafinga, na nyingi ya hizo ni mbao za dawa. Zile unaziona zina kijani. Maranda yake ukiyashika yana kijani kwa mbali kama majani ya chai yaliyokauka, hasa yakiwa mabichi. Yakikaa juani yanafifia, hutambui.

#14 BintiKimara

Fundi. Ni wa kupaua. Kuna mashine kubwa ya msumeno nje na marundo ya mbao ndefu. Nilidhani ule ukijani ni ubichi wa mti.

#15 Kipusa_wa_Tandika

Mmh.

#16 MaabaraMstaafu

Asante fundi, umelifunga faili.

Dawa ya kijani iliyotumika sana kwenye mbao na nguzo ina vitu vitatu: shaba, kromi na aseniki. Aliibuni Mhindi, Sonti Kamesam, mwaka 1933. Kila kimoja kina kazi yake. Shaba inaua kuvu. Aseniki inaua wadudu, na pia inazimaliza kuvu zile sugu kwa shaba. Maana zipo: kuna kuvu za uozo wa kahawia, zile zinazoacha mbao ikikatika vipande vya mraba kama mkate mkavu, zinatoa oksaliki nyingi, zinaifungia shaba kwenye chumvi isiyoyeyuka, zinaendelea kula. Kromi kazi yake ni kuvigandisha viwili hivyo kwenye mti mvua isivioshe.

Mbao iliyopigwa dawa sawasawa hubeba kilo kadhaa za dawa kwa mita ya ujazo. Mrututu wako wa vijiko viwili, binti, ni mtoto mbele ya hiyo. Ulikwenda dukani kutafuta shaba ya kuongeza wakati maranda yamekuja nayo kutoka kiwandani, tena na aseniki juu. Mamama ilianza kwa akiba iliyokuwa kwenye punje za mbegu, ikasogea mpaka akiba ilipoisha, ikagusa maranda ikasimama. Ndiyo maana mifuko yote imekwama karibu sehemu moja.

Zipo dawa nyingine za kijani zenye shaba bila aseniki, na kwa macho huwezi kuzitofautisha. Kwa hiyo tuchukulie ni ile mbaya.

Sasa nisikilize vizuri, hapa hatuzungumzii tena hasara. Uyoga ni mvutaji wa madini. Unavuta zinki na chuma, na kwa bomba hilohilo unavuta aseniki na kadimiamu, madini mengine ya sumu. Mfuko wowote kati ya hiyo 40 ukibahatika kutoa vichwa, usile na usiuze. Usiyachome hayo maranda, wala usiyatie kwenye jiko la maranda: moshi wake una sumu na jivu linabaki na aseniki. Usimwage bustanini kwenye mchicha. Usimpe mtu wa kuku.

#17 MwanaApollo_Mabibo

Mwalimu, Marekani si walishapiga marufuku hiyo dawa?

#18 MaabaraMstaafu

Kwa mbao za majumbani viwanda vyao viliacha mwisho wa 2003. Kwenye nguzo na matumizi mengine iliendelea. Na mimi sisemi mbao ya dawa ni mbaya juu ya paa. Juu ya paa iko mahali pake, ndiyo inayozuia nyumba yako isigeuke shamba la uyoga. Ninachosema, vumbi lake lisiingie kwenye chakula.

#19 FundiRanda_Keko

Na sisi mafundi tunaolivuta hilo vumbi kutwa nzima bila barakoa, mwalimu?

#20 MaabaraMstaafu

Vaa barakoa, kijana wangu. Na usile chapati kwenye meza ya msumeno kabla hujanawa.

#21 BintiKimara

Nimerudi, siku kumi zimepita. Samahanini kwa ukimya, nilikuwa na jaribio.

Nilifanya kama mwalimu alivyonielekeza PM (bure, sikulipia kifuko). Nilichukua chupa tisa za jamu, nikaziivisha kwenye sufuria. Tatu nikaweka majani ya mgomba, tatu maranda ya mkongo aliyonipa fundi wa Keko kwa mkono wake, tatu yale ya kijani. Zote nikaongeza pumba kiasi kilekile, mbegu kijiko kimoja kila chupa, hakuna mrututu.

Leo asubuhi, siku ya tisa. Za mgomba zimejaa mpaka chini, ukiinua chupa unaona nyuzi nyeupe zimebanana kwenye kioo kama mizizi ya mchicha. Za mkongo zimefika katikati, nyembamba lakini zinatembea. Za kijani, kila punje ya mtama imevaa kofia yake ndogo nyeupe, kisha hakuna kitu. Pembeni ya kofia kuna maji ya njano. Nimeisogeza moja dirishani, ukiiangalia kwenye mwanga unaona kabisa mpaka: hapa punje, hapa maranda, na utando haujavuka hata uzi mmoja.

Mifuko 40 nimeifunga kwenye viroba viwili viwili, nimeandika SUMU kwa kalamu nyekundu, ipo stoo. Nimeuliza pa kuipeleka, bado nafuatilia. Nilirudi kwa yule fundi wa kupaua, si mtu mbaya, alinionea huruma tu kunipa. Akaniambia wateja wake wakubwa wa maranda ni wafugaji wa kuku. Nilikaa kwenye benchi lake dakika nzima sijaongea.

Maana na mimi kwenye yale magunia nane, mawili nilimgawia Mama Swai hapa nyuma. Ana vifaranga mia mbili.

#22 KahawaNaMgomba

Mpigie simu sasa hivi.

#23 BintiKimara

Nimepiga mara tatu tangu nitoke kwa fundi, haipokelewi. Nimemtuma mdogo wangu aende.

#24 BintiKimara

Amepiga mwenyewe. Yuko kwenye msiba Kibaha tangu juzi. Anasema vifaranga bado viko kwenye maboksi na maranda ya zamani, magunia yangu hajayafungua, yameegemezwa ukuta wa choo. Nachukua toroli, naona mawingu yameshajaa upande wa Ubungo.